Kadi ya Waithira

Siku ya nane baada ya kuongezwa damu, Waithira aliamka macho yake yakiwa ya manjano kama kiini cha yai. Muuguzi wa zamu alipokwenda kumwaga mkojo wake aliuona mweusi kama chai ya strungi, isiyo na maziwa, akauacha chomboni na kumwita daktari. Daktari Kingori aliutazama, akamtazama mgonjwa, kisha akatoka wodini na kuvuka uwanja kuelekea maabara.

Ngendo alikuwa kwenye darubini akitafuta malaria. Alipoinua kichwa, daktari alikuwa amesimama mlangoni.

"Damu ya Waithira uliipima wewe?"

"Mimi, Daktari."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili kila chupa."

"Amekuwa wa manjano. Mkojo ni mweusi. Damu imeshuka hadi gramu nne." Daktari alisema hayo polepole, kama mtu anayesoma orodha. "Mume wake yuko njiani. Nataka kujua la kumwambia."

Huo ulikuwa mwaka wa sabini na nne, katika hospitali ya misheni iliyokuwa juu ya Othaya, mahali ambapo majani chai yalifika hadi chini ya madirisha ya wodi. Ngendo alikuwa na miaka thelathini na sita. Alisomea kazi ya maabara Nairobi, akarudi nyumbani, na kwa miaka kumi na mmoja kila tone la damu lililoingia mwilini mwa mgonjwa pale lilikuwa limepita kwanza mikononi mwake. Watu wa vijijini walimwita daktari wa damu. Mwanzoni aliwasahihisha, baadaye akachoka.

Waithira, mke wa karani wa kituo cha kununulia majani chai, aliletwa akiwa na mimba iliyotunga nje ya kizazi. Alipasuliwa siku hiyo hiyo, Alhamisi, akaongezwa chupa mbili za damu, na kwa wiki nzima aliendelea vizuri. Alikwisha kuanza kuuliza siku ya kurudi nyumbani.

Daktari alipoondoka, Ngendo alikaa akitazama mikono yake. Alimkumbuka Ngatia, waliyesoma naye darasa moja. Ngatia alibadilisha kwa makosa chupa mbili za damu asubuhi moja, huko alikokuwa akifanya kazi, na mgonjwa akafariki kabla ya chakula cha mchana. Sasa alikuwa na kibanda cha kushona viatu Karatina. Kila walipokutana alimuuliza Ngendo habari za kazi huku akitazama kiatu kilichokuwa mkononi. Je, na yeye siku ile ya Alhamisi alikosea? Alikuwa peke yake, mwenzake alikuwa likizo, na watu wa upasuaji walikuwa wakimhimiza.

Aliinuka, akafungua friji ya mafuta ya taa. Sheria ilisema damu ya kupimia itunzwe siku saba. Ngendo aliitunza wiki mbili, kwa sababu hakupenda kutupa kitu ambacho huenda akaulizwa. Akatoa kichupa cha Waithira cha Alhamisi ile, pamoja na vichupa viwili vya watu waliomtolea damu, akaanza kupima upya tangu mwanzo. Waithira alikuwa kundi O. Waliotoa walikuwa kundi O. Akachanganya, akaweka kwenye maji ya uvuguvugu, akaosha, akatia ile dawa ya Coombs, inayofanya chembe zishikane iwapo damu hazipatani, iliyoletwa kutoka Nairobi katika chupa ndogo kama za dawa ya macho. Akainamisha kioo kwenye mwanga. Chembe zilitiririka laini, bila hata punje.

Hakuwa amekosea. Lakini kitu kilikuwa kinaivunja damu ile. Alikwenda wodini, akamtoa Waithira damu nyingine, akarudi na kufanya vile vile. Safari hii, alipoinamisha kioo, chembe zilishikana mabonge mabonge kama maziwa yaliyoganda.

Ngendo alivuta kiti akakaa. Sasa alielewa.

Watu wengi wanajua A, B na O, na wachache wanajua rhesus. Lakini juu ya chembe nyekundu kuna alama nyingine nyingi ndogo, na kila moja ina kundi lake na jina lake. Mtu asiye na alama fulani, ikiingia mwilini mwake, mwili unaweza kuiona kuwa mgeni na kutengeneza kingamwili za kuipiga. Baada ya miezi au miaka kingamwili hizo hupungua hadi hakuna kipimo kinachoziona. Lakini mwili hausahau. Alama ile ikiingia mara ya pili, kingamwili huundwa upya kwa siku chache tu, na damu yote iliyoongezwa huvunjwa.

Basi Waithira alikuwa amekutana na alama hiyo zamani. Ngendo alichukua fomu yake ya kulazwa. Mbele ya swali la kama aliwahi kuongezwa damu, muuguzi alikuwa ameandika: hapana.

Alimkuta Waithira amelala ubavu, blanketi limefika kidevuni. Ilikuwa saa ya kuota jua, na wagonjwa wenye nguvu walikuwa wametoka kukaa kwenye nyasi. Ngendo akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Mama Wacera, unajisikiaje?"

"Mgongo unauma. Na baridi." Waithira alimtazama. "Nakufa?"

"Hatutakuacha ufe. Lakini kuna jambo nahitaji kulijua, na hakuna mtu karibu. Uliwahi kuongezwa damu kabla ya mwezi huu?"

"Niliulizwa nilipokuja."

"Najua. Nakuuliza tena."

Nje mtu alikuwa akicheka, na ndoo ilikuwa ikiburutwa kwenye saruji.

"Nilipoulizwa, Baba Wacera alikuwa amesimama pale," alisema, akionyesha kwa macho mahali ambapo Ngendo alikuwa ameweka miguu. "Ningesema nini?"

Kisha akasema, kwa sauti ya chini lakini bila kusita, kama mtu ambaye alikwisha kuyapanga maneno hayo mara nyingi. Akiwa na miaka kumi na saba, nyumbani kwao Kangari, alipata mimba. Mwanamume alikuwa fundi wa ujenzi aliyekuja kujenga kanisa, na kanisa lilipoisha akaondoka. Mtoto alizaliwa amekufa, wa kiume. Waithira alivuja damu mno, akapelekwa hospitali, akaongezwa chupa tatu. Mama yake alimwambia jambo hilo limezikwa pamoja na mtoto. Miaka minne baadaye Theuri alikuja kumposa, na hakuna aliyefungua mdomo.

"Watoto wangu wawili niliwazaa nyumbani bila shida," alisema. "Nikadhani imekwisha."

"Ilikuwa imelala tu," Ngendo alisema. "Damu ile uliyopewa zamani ilifundisha mwili wako kukataa kitu. Sasa umekumbuka."

"Utamwambia?"

"Daktari nitamwambia yaliyomo ndani ya damu yako. Hayo mengine ni yako."

Waithira alitoa mkono chini ya blanketi, akamshika kifundo cha mkono, akamwachilia.

Theuri alifika alasiri, koti lake likiwa bado na vumbi la majani chai. Alikuwa mtu mrefu, mtaratibu, aliyezoea kusoma mizani mbele ya watu wanaobishana naye. Hakupiga kelele. Alisimama mbele ya meza ya Ngendo akavua kofia.

"Madam, nilimleta mke wangu akiwa na ugonjwa mmoja. Leo ako na mbili. Watu wanasema ulimpa damu isiyokuwa yake. Kama ni kweli, niambie mwenyewe kabla sijaenda kwa kamati ya hospitali."

Ngendo alimwonyesha vioo, kile cha Alhamisi na kile cha leo. Alimweleza habari za alama na kingamwili. Theuri alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali ambalo Ngendo alikuwa akiliogopa.

"Na hiyo alama aliitoa wapi, kama hajawahi kupewa damu?"

Ngendo angeweza kujiokoa kwa sentensi moja. Badala yake alisikia mdomo wake ukisema, "Mara nyingine mwanamke hupata kingamwili kutokana na kuzaa. Mtoto huchukua alama za baba, na damu yake kidogo huingia kwa mama."

Hakusema uongo. Vitabu vilisema hivyo. Lakini aliona uso wa Theuri ukilegea, akajua kwamba mtu huyu amepokea kitu ambacho hakikuwa chake.

"Kwa hivyo ni mimi," Theuri alisema. Alirudisha kofia kichwani. Mambo ya kamati hakuyataja tena.

Asubuhi ya pili kazi ilikuwa kutafuta damu. Waithira hangeweza kuvumilia siku nyingine nyingi, na kila chupa iliyokuwa kwenye friji iliganda ilipochanganywa na maji ya damu yake. Ngendo alituma kichupa kimoja Nairobi ndani ya chupa ya chai iliyojaa barafu, lakini majibu yangechukua siku mbili. Daktari Kingori akatangaza kanisani, kiwandani na shuleni. Waliokuja walikuwa hamsini na mmoja. Walioonekana kuwa O walikuwa ishirini na wanne, walimu, wachuma chai, mpishi wa hospitali, shemasi mmoja aliyezimia alipoona sindano. Ngendo alipima mmoja baada ya mwingine. Mabonge. Mabonge. Mabonge.

Wa kumi na tisa alikuwa Abdisalan, mfanyabiashara wa mifugo kutoka Nanyuki, aliyekuwa ameleta mbuzi wa jikoni. Alikuwa amekaa kwenye benchi akisubiri kutiwa sahihi risiti yake, akauliza watu wote wale wanapanga mstari wa nini.

"Mimi pia iko damu," alisema. "Pima."

Ngendo alipima, na chembe zikatiririka laini. Akarudia, zikatiririka tena. Abdisalan alilala kwenye kitanda cha kutolea damu akitazama dari, akatoa chupa moja, akanywa chai ya maziwa yenye sukari nyingi, na kabla ya kuondoka akauliza jina la yule mama ili amwombee. Lakini chupa moja haikutosha, na watano waliobaki walikataliwa wote.

Alibaki mtu mmoja tu. Theuri alikuwa amekaa pale tangu saa kumi na mbili, mkono wa shati umekunjwa.

"Mbona mimi sijapimwa?"

"Damu ya mume huwa ya mwisho," Ngendo alisema. "Mke akiwa bado wa kuzaa, hatupendi kumpa ya mume wake. Inaweza kumletea kingamwili nyingine za kuwadhuru watoto watakaokuja."

"Lakini akifa, hakuna watoto wanaokuja."

Ngendo alichukua sindano. Alimtoa damu kidogo, akaenda nayo ndani. Theuri alikuwa kundi O. Akachanganya, akasubiri, akaosha, akatia Coombs, akainamisha kioo.

Laini.

Alirudia mara ya pili, na ya tatu, akitumia kioo kipya. Laini kabisa. Ndipo jambo jingine lilipomjia, akaweka kioo mezani taratibu. Damu ya Theuri haikuwa na ile alama. Waithira pia hakuwa nayo. Mtoto hawezi kuchukua kwa wazazi kitu ambacho hakuna hata mmoja wao anacho. Basi Wacera na ndugu yake hawakuwa nayo, na hawangeweza kumpa mama yao kingamwili hata kidogo. Maneno aliyomwambia Theuri jana, ambayo yalikuwa kweli kwa wanawake wengi, yalikuwa si kweli kwa huyu. Na ushahidi ulikuwa unatoka kwenye mkono wa mume mwenyewe.

Daktari Kingori aliingia akakuta amesimama hivyo.

"Umepata?"

"Nimepata. Ni ya mume."

Daktari alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kisha tabasamu likasimama nusu, akamtazama Ngendo, naye Ngendo akaona kwamba amepiga hesabu ile ile.

"Basi si watoto," daktari alisema.

"Damu inafaa, Daktari."

Daktari alitikisa kichwa kukubali, akatoka kuandaa kitanda.

Waithira aliongezwa ya Abdisalan kwanza, tone kwa tone, Ngendo amekaa kando akihesabu mapigo ya moyo wake. Kesho yake akaongezwa ya Theuri. Hakutetemeka, hakupata homa. Siku ya tatu mkojo ulianza kuwa mwangavu, na jioni akaomba uji. Nairobi walipiga simu wakasema ni kingamwili ya kundi la Kidd, lililoitwa kwa jina la mama mmoja wa Amerika ambaye iligunduliwa kwake alipojifungua. Walisema pia kwamba ndiyo inayojulikana kwa kujificha kuliko nyingine zote. Daktari aliandika barua kwa kamati kwamba maabara haikuwa na kosa, na Ngendo akaisoma bila kusikia furaha aliyoitarajia.

Theuri alirudi maabara wiki iliyofuata. Safari hii alifunga mlango nyuma yake.

"Nilikuwa napima majani jana," alisema, "na kichwa kikawa kinafanya kazi yake. Uliniambia mtoto huchukua alama ya baba, na hiyo ndiyo ilimsumbua mama. Halafu damu yangu ikakubaliana na yake bila neno. Kama alama ilitoka kwangu, mbona damu yangu haikukataliwa?"

Ngendo alikuwa amejua kwamba swali hili litakuja.

"Nilikuambia jambo ambalo hutokea kwa wengi," alisema. "Sikuwa nimepima damu yako. Kwa mke wako halikuwa hivyo. Na hata siku ile nilikuwa najua huenda si hivyo, nikakuambia tu ili utulie. Hilo ni kosa langu, naomba unisamehe."

"Basi ni nini?"

"Hilo si langu kulisema, Baba Wacera. Muulize yeye. Na ukimuuliza, kaa chini kwanza."

Theuri alifungua mlango. Kisha akavuka uwanja kuelekea wodini, akitembea kama mtu anayebeba maji.

Ngendo hakujua yaliyosemwa. Kupitia dirishani aliwaona wawili hao kwenye benchi la nje, Waithira amejifunga shuka, Theuri amekaa kama alivyoambiwa, mikono kati ya magoti. Walikaa hivyo hadi kengele ya wageni kutoka. Theuri akaondoka, na kesho yake hakuja. Wala siku iliyofuata. Waithira alikula alichopewa, akameza vidonge vyake vya kuongeza damu, na alipoulizwa na wauguzi habari za mume alisema ana kazi nyingi kituoni.

"Nilimwambia yote," alimwambia Ngendo alipokuja kumtoa damu ya kupima. "Ilikuwa kama kutua mzigo wa kuni. Shingo bado inauma, lakini mzigo hauko."

"Alisema nini?"

"Aliuliza jina la mtoto. Nikamwambia hakupewa. Akainuka, akaenda."

Ngendo alikandamiza pamba kwenye mkono wake na kuukunja. Alikuwa anajilaumu, na hakujua ajilaumu kwa lipi, kwa kunyamaza au kwa kutonyamaza vya kutosha.

Siku ya nne Theuri alikuja. Alikuwa amebeba sufuria iliyofungwa kwa kitambaa. Alipita wodini kwanza. Ngendo, aliyekuwa akikusanya vichupa kitanda cha pili, alimwona akifungua kitambaa na kumpakulia mkewe maharagwe meusi ya njahi yaliyopondwa na ndizi, chakula wanachopewa wanawake waliojifungua. Waithira alitazama sahani kwa muda mrefu. Kisha akaanza kula, na Theuri akamshikia kikombe.

Baadaye alikuja maabara.

"Wanasema unamwandikia kadi."

"Ndiyo. Atembee nayo siku zote. Akienda hospitali nyingine yoyote waione kabla ya kumpa damu." Ngendo aliisukuma mezani. Ilikuwa kadi ngumu ya rangi ya krimu, na juu yake alikuwa ameandika kwa herufi kubwa jina la Waithira, kundi lake, jina la kingamwili, na maneno kwamba isipoonekana kwenye kipimo bado imo.

Theuri aliisoma kama alivyosoma kila kitu, hadi chini.

"Hapa chini umeacha nafasi," alisema. "Pale pa kuongezwa damu zamani."

"Niliacha."

"Andika. Chupa tatu, mwaka wa sitini na mbili. Na kwamba alijifungua." Alikohoa kidogo. "Aliulizwa nikiwa nimesimama pale, akasema hapana kwa sababu nilikuwepo. Karibu afe kwa ajili ya kuniogopa, na mimi sikujua kama mimi ni mtu wa kuogopwa. Sitaki aulizwe tena mahali pengine ashindwe kusema."

"Yeye amekubali?"

"Ndiye amenituma."

Ngendo alichukua kalamu, akaandika. Theuri alisubiri wino ukauke, akaiweka kadi kwenye mfuko wa ndani wa koti, kisha akabadilisha mawazo, akaitoa na kwenda kumpa mwenyewe.

Waliondoka Jumamosi. Daktari Kingori aliwasindikiza hadi langoni. Waithira alitembea polepole, akisimama kila baada ya hatua chache, na kila aliposimama Theuri alisimama naye, akitazama mashamba kana kwamba ni yeye aliyetaka kupumzika.

Jumatatu Ngendo alimwendea matroni, akamwomba jambo moja. Tangu sasa, mgonjwa yeyote wa kuongezwa damu, mwanamke au mwanamume, aulizwe habari zake akiwa peke yake, na jamaa wangoje nje. Matroni alisema watu watalalamika. Ngendo akasema walalamike. Wiki hiyo hiyo utaratibu huo ulianza, na mzee mmoja wa kanisa alilalamika kweli, kwa sauti kubwa, koridoni, huku mke wake yuko ndani na mlango umefungwa.

Ngendo alimletea kiti.